Tajiri Akiondoka, Timu Inabaki na Nani?



Somo letu linahusu umiliki wa timu za mpira wa miguu. Tunaliandika tukiwa Mtinko, Singida Vijijini, mahali ambapo hakuna uwanja wa Ligi Kuu wala ofisi ya klabu kubwa, lakini hakuna mechi ya watani wa jadi inayopita kimya. Siku hiyo vibanda umiza hujaa, waendesha bodaboda huvaa jezi, na ubishi wa usajili huendelea hata watu wakiwa wanapepeta alizeti. Jambo linalogusa mioyo, muda na mifuko ya vijana wengi kiasi hicho linastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kama tunavyochunguza bei ya mazao, ajira au siasa. Mafundisho jamii ya Kanisa hayakutolewa kwa ajili ya viwanda na mashamba tu. Yanahusu kila mahali ambapo watu hukutana, hufanya kazi na hugawana mali.

Swali letu ni hili: matajiri na makampuni yao wanapoingia katika soka, nini kinabadilika, na tutajuaje kama mabadiliko hayo ni mema? Tutaanza na historia, kisha tutaangalia Simba na Yanga, kisha mkoa wetu wa Singida ambao una mengi ya kufundisha kuliko wengi wanavyodhani. Baadaye tutachungulia nchi za nje, na mwisho tutaweka mizani ya mafundisho jamii. Jibu letu tunalitaja mapema ili msomaji atufuate vizuri: mwekezaji tumpime kwa kitakachobaki siku atakapoondoka.

1. Fedha za nje si jambo geni

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam. Zilikuwa klabu za wanachama: mtu alikuwa na kadi, alilipa ada, alihudhuria mkutano mkuu na kupiga kura. Hata hivyo, ada pekee haikuwahi kutosha. Kila zama walikuwapo wafanyabiashara waliosaidia kusajili mchezaji, kulipa hoteli au kununua viatu, na mashabiki wakawapa jina la heshima la “tajiri wa timu”.

Nje ya klabu hizo mbili, timu nyingi ziliishi kwa fedha za mashirika. Mtibwa Sugar, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, na Kagera Sugar zimetokana na viwanda vya sukari. Reli ya Morogoro na Ushirika ya Moshi majina yake yanajieleza. Majeshi nayo yalikuwa na timu zake, na mpaka leo Prisons na JKT zipo. Pamba ya Mwanza ilibeba jina la zao lililolisha kanda nzima ya ziwa. Zao na mashirika yake yalipodhoofika, timu nayo ilidhoofika. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi msimu wa 2024/25 ikiitwa Pamba Jiji.

Kwa hiyo tusiseme kwamba zamani soka lilikuwa la mapenzi matupu na leo ni la fedha. Fedha zilikuwapo. Tofauti ni kwamba zamani mfadhili alitoa msaada na klabu ikabaki ya wenyewe, wakati leo anayetoa fedha anataka hisa, kiti kwenye bodi, nembo kifuani na sauti katika kumchagua kocha. Katika hilo hakuna dhambi. Mtu anayeweka mali yake mahali ana haki ya kujua inatumikaje. Ila mfadhili anapokuwa mmiliki, uhusiano wake na watu wa timu hubadilika, na ndipo somo linapoanzia.

2. Simba, Yanga na hesabu ya 49 kwa 51

Simba ilichukua ubingwa msimu wa 2011/12, kisha ikakaa miaka mitano bila kuugusa tena. Desemba 2017 wanachama wake waliridhia mfumo mpya ambao mwekezaji angepata asilimia 49 ya hisa, naye Mohammed Dewji akaja na ahadi ya shilingi bilioni 20. Kwa watu wa Singida jina hilo ni la nyumbani. Dewji alizaliwa hapa mkoani na alikuwa Mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Serikali iliweka mpaka ulio wazi: katika klabu za wanachama, mwekezaji asizidi asilimia 49, na wanachama wabaki na asilimia 51.

Matokeo uwanjani yalionekana. Kuanzia msimu huo wa 2017/18 Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Msimu wa 2018/19 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco.

Yanga ina somo lake. Chini ya Yusuf Manji, mwenyekiti aliyekuwa pia mfadhili mkuu, ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo hadi msimu wa 2016/17. Mei 2017 Manji alijiuzulu, na baada ya hapo klabu ikaingia katika ukata ambao kila mwana-Yanga anaukumbuka. Mishahara ilichelewa, na kocha Mwinyi Zahera akawa mstari wa mbele kuhamasisha wanachama wachange. Watani wao wakapata wimbo wa kuwacheka: Yanga wanapitisha bakuli. Misimu minne ikapita bila ubingwa. Kisha kampuni ya GSM ikaingia kama mfadhili, usajili ukabadilika, klabu ikaanza safari yake ya mabadiliko ya katiba, na mwaka 2022 wanachama wakamchagua Hersi Said kuwa rais. Huyu alikuwa amefanya kazi GSM kama mkurugenzi wa uwekezaji. Yanga ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger.

Ukiipanga misimu hiyo kwa mstari mmoja utaona jambo: kombe limekuwa likifuata mfuko. Tangu Mtibwa Sugar iliposhinda mwaka 2000, timu pekee nje ya Simba na Yanga iliyochukua ubingwa ni Azam, msimu wa 2013/14, nayo ni timu ya kampuni ya Bakhresa iliyoanza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi.

Haki itendeke: fedha hizi zimeleta mema. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na kila timu ya ligi hupata fungu lake. Wachezaji wa klabu kubwa wanalipwa kwa kiwango ambacho wazee wao waliocheza kwa nauli na chai hawakukiota. Tanzania imepata nafasi nne za kupeleka timu katika mashindano ya Afrika. Kijana mwenye kipaji sasa anaweza kuiona soka kuwa kazi ya kulisha familia. Mambo hayo ni ya kumshukuru Mungu.

Lakini maswali nayo yapo. Novemba 2021 GSM, mfadhili wa Yanga, ilitangazwa kuwa pia mdhamini mwenza wa Ligi Kuu nzima. Simba ilikataa kuvaa nembo yake, mvutano ukawa mkubwa, na Februari 2022 GSM ikajiondoa katika udhamini huo. Hatuhitaji kumshuku mtu yeyote kwa hila ili kulielewa tatizo. Mtu aliye upande mmoja wa mechi akiwa pia miongoni mwa wanaolipia mashindano, hata akiwa mwadilifu kabisa, upande wa pili hautalala usingizi. Kijijini tunalijua hili: mwenye ng'ombe aliyekula shamba haketi kwenye baraza la kuamua fidia.

3. Singida, mkoa wa timu zinazohama

Sasa tuje nyumbani. Kwa miaka michache mkoa wetu umepitia karibu kila kitu ambacho fedha zinaweza kuifanyia timu.

Kwanza ilikuja Singida United. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikiwa na udhamini mnono, kocha Mholanzi Hans van der Pluijm aliyewahi kuifundisha Yanga, na wachezaji kutoka nje ya nchi. Juni 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam jijini Arusha na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Miaka miwili tu baadaye, mwisho wa msimu wa 2019/20, ilishuka daraja. Fedha zilikuwa zimekauka, na timu iliyokuwa gumzo la nchi ikazimika kama moto wa mabua: mwanga mkubwa, majivu kidogo.

Mwaka 2022 timu mbili zilipanda Ligi Kuu pamoja: Ihefu ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, na DTB ya Dar es Salaam. DTB ikahamishiwa Singida na kupewa jina la Singida Big Stars. Msimu wa kwanza ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate baada ya kuunganishwa na taasisi ya Fountain Gate. Katikati ya msimu wa 2023/24 ikaenda kuchezea Mwanza, na msimu uliofuata ikawa Fountain Gate peke yake, makao yake yakiwa Babati, Mkoa wa Manyara. Jina la Singida likafutika jezini.

Lakini mkoa haukubaki bila timu, kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 2024 Ihefu ililetwa Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza ikiitwa Singida Black Stars. Timu hiyo ilishika nafasi ya nne katika ligi, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame. Kwa hiyo timu mbili zilizopanda pamoja mwaka 2022 kutoka sehemu mbili tofauti, zote zimepita katika mikono ya Singida ndani ya miaka miwili.

Sisi wa Singida tulifurahi, na furaha hiyo si kosa. Ila tuwakumbuke wenzetu wa Mbarali. Hawa ni wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu. Novemba 29, 2022, katika uwanja wa Highland Estates, timu yao iliifunga Yanga 2-1 na kukatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima iliwajua siku hiyo. Oktoba 2023 wakaifunga Yanga tena kwa mabao hayo hayo. Miezi michache baadaye timu ilipakiwa, ikaondoka na nafasi yake ya Ligi Kuu, kisha ikabadilishwa jina. Mkulima wa Mbarali aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda uwanjani alibaki na uwanja. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kisheria timu haikuwa yake. Alikuwa shabiki, na shabiki hapigiwi hodi wakati wa kuuza.

Na tusidhani kwamba kisu hicho kina upande mmoja. Kilichoondoa timu Mbarali ndicho kilichopeleka Fountain Gate Manyara, na kinaweza siku moja kuwaondoa Black Stars Singida. Ile kanuni ya asilimia 51 inalinda klabu za wanachama, kama Simba na Yanga. Timu isiyo na wanachama haina asilimia 51 ya kulindwa.

4. Wenzetu wa nje wamepitia njia hiyo hiyo

Jambo lililotokea Mbarali liliwahi kutokea London. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, mji ulio mbali na nyumbani kwake, ikahama mwaka 2003 na mwaka 2004 ikabadilishwa jina. Mashabiki walioachwa hawakuishia kulia. Mwaka huo huo wa 2002 walianzisha timu mpya, AFC Wimbledon, inayomilikiwa na mashabiki wenyewe, wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Mwaka 2011 walikuwa wamerudi katika ligi za kulipwa, na Novemba 2020 walirudi kucheza Plough Lane, mtaa wao wa asili.

Chelsea inatufundisha upande mwingine. Tangu mwaka 2003 Roman Abramovich wa Urusi aliijaza fedha na makombe yakaja, yakiwemo mawili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ilimwekea vikwazo. Kwa majuma kadhaa klabu tajiri kuliko nyingi duniani haikuruhusiwa kuuza tiketi mpya wala kusaini mikataba, mpaka ilipouzwa kwa wawekezaji wengine Mei mwaka huo. Wachezaji na wafanyakazi wa klabu hawakuwa wamefanya lolote. Maisha yao yalifungwa kwenye jina la mtu mmoja.

Ujerumani ilitafuta kinga. Tangu mwaka 1998 kanuni yao inataka wanachama wa klabu wabaki na wingi wa kura, hata kama mwekezaji ameweka fedha nyingi. Kanuni yetu ya 51 ina undugu na hiyo. Lakini huko huko kuna RB Leipzig, iliyoanza mwaka 2009 kwa kununua nafasi ya timu ya mji mdogo wa Markranstädt kwa fedha za kampuni ya vinywaji. Ina wanachama wenye kura wachache sana, kwa hiyo kanuni imetimizwa kwenye karatasi na kukwepwa katika maisha. Asilimia ni ukuta, na ukuta usio na watu ndani haulindi kitu.

Mfano mwingine unatoka ndani ya Kanisa. Celtic ya Glasgow, Uskochi, ilianzishwa mwaka 1887 na Bruda Walfrid, mtawa wa Shirika la Wamaristi, ili kupata fedha za kuwalisha watoto maskini wa wahamiaji wa Ireland. Mwaka 1994 klabu hiyo ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Akaja mfanyabiashara Fergus McCann, akasema atakaa miaka mitano. Akalipa madeni, akajenga upya uwanja, akauza hisa kwa maelfu ya mashabiki wa kawaida, na mwaka 1999 akaondoka kama alivyosema, akiwapa mashabiki nafasi ya kwanza ya kununua hisa zake. Wengine walimzomea alipokuwapo kwa kubana matumizi. Leo uwanja upo na klabu ipo. Huyu alikuwa tajiri aliyejiandaa kuondoka tangu siku ya kwanza.

Tukumbuke pia kwamba marehemu Papa Fransisko alikuwa mwanachama wa San Lorenzo ya Buenos Aires, klabu ya wanachama iliyoanza mwaka 1908 kwa msaada wa padre Lorenzo Massa, aliyewapa vijana wa mtaani uwanja wa kanisa wa kuchezea.

5. Mizani ya mafundisho jamii

Sasa tuyapime hayo yote. Tunachukua kanuni nne.

Kwanza, mali binafsi ni haki, lakini ina deni la kijamii. Papa Leo XIII katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891 aliitetea haki ya mtu kumiliki, na papo hapo akawakumbusha matajiri wajibu wao kwa wengine. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyekuwa golikipa enzi za ujana wake, alifundisha katika Centesimus Annus ya mwaka 1991 kwamba faida ina nafasi yake halali, ingawa si kipimo pekee cha afya ya kampuni. Kwa hiyo mwekezaji anayetafuta faida katika soka hatumhukumu kwa hilo. Tunamuuliza faida inapatikana kwa njia gani, na nani anaumia.

Pili, kazi ina kipaumbele juu ya mtaji. Ndivyo alivyofundisha Papa huyo katika Laborem Exercens, mwaka 1981. Mchezaji ni mfanyakazi, na mwili wake ndio jembe lake. Muda wake wa kuchuma ni mfupi, labda miaka kumi au kumi na miwili. Klabu inayosajili nyota mpya wakati wa zamani wanadai mishahara ya miezi mitatu imegeuza utaratibu wa Mungu juu chini, hata kama jezi zake zinang'aa.

Tatu, kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931. Lile ambalo watu wa chini wanaweza kulifanya wenyewe, wakubwa wasiwapokonye. Wawasaidie walifanye. Tajiri anayeifuata kanuni hii huikuta klabu dhaifu na kuiacha na wanachama wenye nguvu. Asiyeifuata huwakuta wanachama wakibishana, akawaambia wanyamaze kwa kuwa analipa, na akiondoka huwaacha wamesahau hata namna ya kuitisha mkutano.

Nne, mshikamano. Hapa tunawarudia Mbarali. Mkristo wa Singida anaweza kuishangilia Black Stars kwa moyo wote, na bado akasema bila woga kwamba kuhamisha timu bila ridhaa ya watu wake si haki. Akinyamaza kwa kuwa safari hii ng'ombe ameletwa zizini kwake, siku akiondolewa hatakuwa na neno la kusema.

Sisi Wakatoliki wa Tanzania hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Kwa miaka mingi parokia zetu zilijengwa kwa fedha za wamisionari. Walituletea zahanati, shule, visima na magari. Kisha wakazeeka na misaada ikapungua. Parokia zilizokuwa zimefundisha waamini zaka na kulitegemeza Kanisa ziliendelea. Zile zilizozoea kupokea tu zilibaki na majengo yanayovuja. Mmisionari bora alikuwa yule aliyeanza mapema kuwaandaa waamini kwa siku ambayo hatakuwapo.

6. Mwanachama, shabiki na mteja

Ipo sehemu yetu pia. Biashara ya soka inamtazama kijana wa Mtinko kama mteja. Analipia kisimbuzi au kiingilio cha kibanda umiza, ananunua jezi, soda, bando na vocha. Katika hayo anapata kitu. Ila kuna mlango mmoja ambao hutoa fedha nyingi kuliko unavyorudisha, nao ni kubeti. Kampuni za kubashiri zimekuwa wadhamini wakubwa wa soka letu: SportPesa iliingia mwaka 2017 ikizidhamini Simba, Yanga na Singida United, na mwaka 2022 M-Bet ilisaini na Simba mkataba wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Mabilioni hayo yanatokana na mikeka midogo midogo iliyochanika, ya mia tano na elfu moja, mingine ikiwa ni fedha ya mbegu au ya ada ya shule. Kijana anapoambiwa kwamba fulani ameijenga timu, ajue kwamba naye amechangia, bila hisa wala kura.

Dawa yake ni kurudi kwenye uanachama. Anayeipenda klabu kweli achukue kadi, alipe ada, aulize hesabu za fedha, na apige kura kwa akili. Wanachama wa klabu zetu nao wamekuwa na kasoro ya kutafuta tajiri kwanza na katiba baadaye. Asilimia 51 iliyolala haina nguvu kuliko asilimia 49 iliyo macho.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata katika timu za vigango na vijiji. Kila unapokaribia uchaguzi, mipira na jezi humiminika na makombe ya ng'ombe na mbuzi huanzishwa. Uchaguzi ukipita, mpira wa kwanza ukipasuka timu imekwisha. Timu ya kijiji yenye daftari la wanachama, mweka hazina anayeaminika na mchango mdogo wa kila mwezi inaweza kupokea jezi za mgombea bila kuwa mali yake.

7. Kipimo cha siku ya kuondoka

Tunafunga somo kwa maswali matano ambayo mwanachama, shabiki au kiongozi anaweza kumuuliza mwekezaji yeyote, mkubwa wa Ligi Kuu au mdogo wa kata:

Moja: Mkataba wake na klabu umesomwa na wanachama, au unajulikana na watu watatu?

Mbili: Akiondoka kesho, ni deni la nani litabaki, na wachezaji watakuwa wamelipwa mpaka mwezi gani?

Tatu: Amejenga nini kisichohamishika, kama uwanja, kituo cha vijana au makocha wa hapa hapa?

Nne: Jina na makao ya timu yanaweza kubadilishwa bila watu wa mahali hapo kuulizwa?

Tano: Wanachama wana nguvu zaidi leo kuliko siku alipoingia, au wamekuwa watazamaji?

Tajiri anayejibu vizuri maswali hayo apokelewe kwa mikono miwili, aombewe na ashukuriwe, maana mali yake imekuwa baraka. Anayekasirika akiulizwa ametupatia jibu tayari.

Kwa majadiliano katika vikundi vya vijana na jumuiya ndogo ndogo:

a) Taja timu, chama au mradi wa eneo lako uliokufa baada ya mfadhili kuondoka. Ni kitu gani kingefanyika mapema ili usife?

b) Watu wa Mbarali wangekuwa majirani zetu, tungewaambia nini? Nao wangetuambia nini?

c) Kwa mwezi mmoja, andika kila shilingi uliyotumia kwa ajili ya soka, ikiwemo kubeti. Kisha jiulize ni kiasi gani kati ya hizo kimekupa sauti katika timu unayoipenda.